MJUSI WA NYASI, ADHANIWAYE KUWA NYOKA

Maelezo kwa wakulima na wafugaji wa nyanda za juu

Kijarida hiki chaeleza habari za mnyama mdogo aishiye katika nyasi ndefu za vilima. Wengi wetu tumekwisha kumwua, lakini ni wachache waliopata kumtazama. Haharibu mbegu wala miche, hana sumu, wala hana desturi ya kuingia nyumbani mwa mtu. Hata hivyo hupigwa kwa fimbo na kuteketezwa kwa moto, kwa sababu umbo lake ni kama la nyoka na makao yake ni majani makavu.

Nianze kwa jambo nililoliona mwenyewe. Asubuhi moja, wakati wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua, nilikuwa katika kilima kimoja pamoja na wakulima niliokuwa nikiwaonyesha namna ya kupima matuta. Mara tukasikia kelele, "Nyoka! Nyoka!" Vijana wawili wakakimbilia huko na fimbo zao. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumpiga. Nikamgeuza kwa kijiti, nikawaonyesha kope za macho yake, kisha tundu la sikio, kisha vijiguu vyake vyembamba kama miiba. Tumbo lake lilikuwa limepasuka kwa yale mapigo, na ndani yake mlikuwa na watoto tisa waliokwisha kukamilika, kila mmoja amejikunja, ana magamba na mkia kama mama yake. Mzee mmoja akainama akawahesabu, akasema, "Bwana Shamba, basi tumeua kumi, wala hapana nyoka hata mmoja."

Wale vijana hawakuwa wabaya. Walifanya kama walivyofundishwa, nao walitaka kuwalinda mama zao waliokuwa wakilima karibu. Walikosa maarifa tu. Kwa ajili yao, na wengine walio kama wao, maelezo haya yameandikwa.

1. JAMAA YAKE

Mnyama huyu ni mjusi. Wataalamu humwita Chamaesaura, jina lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mjusi wa chini". Wako wa namna kadha wa kadha, nao wote ni wa bara letu la Afrika: hupatikana tangu Rasi, kule kusini kabisa, hata nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Yule wa Rasi ndiye aliyeandikwa habari zake kwanza. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimtaja katika mwaka 1758, akampa jina lenye maana ya "mjusi aliye kama nyoka". Basi kosa la wale vijana si geni; hata wenye elimu hawakuweza kumtazama bila kumkumbuka nyoka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ndugu zake wa karibu hawafanani naye hata kidogo. Hao ni mijusi wanene wa majabali, wenye miguu yenye nguvu na mikia ya miiba. Wakiona hatari hujipenyeza katika ufa wa jiwe, wakajitunisha tumbo, hata adui asiweze kuwavuta nje. Jamaa hiyo yote haipatikani po pote duniani ila katika Afrika. Kwa muda fulani wataalamu wengine walimtia mjusi wa nyasi katika kundi moja na wale wa majabali, chini ya jina lao. Lakini katika mwaka 2011, baada ya kuchunguza chembe za urithi za jamaa nzima, walimrudishia jina lake la zamani.

Yaelekea, basi, ya kuwa wahenga wa mjusi huyu walikuwa watu wa mawe, wakahamia nyasini; na nyasi zikawageuza umbo.

2. UMBO LAKE

Kichwa na mwili wake pamoja havifiki urefu wa shibiri moja, lakini mkia wake ni mrefu ajabu: huwa mara 3 hata 4 ya urefu wa kichwa na mwili. Kwa hiyo mjusi mzima hufika sentimeta 40 hivi, karibu na dhiraa, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Unene wake hauzidi sana kidole cha mtu.

Rangi yake ni ya majani makavu, kahawia yenye manjano, na mgongoni ana mistari myeusi-myeusi iendayo kutoka kichwani hata mkiani. Akitulia katikati ya mabua, mistari hiyo huonekana kama vivuli vya mabua yenyewe. Magamba yake yamechongoka, na kila gamba lina ukingo katikati kama mgongo wa jembe. Ukimpapasa toka mkiani kwenda kichwani utaona anakwaruza.

Miguu yake imepungua mpaka imekaribia kwisha. Haikupungua kwa kadiri moja katika namna zote. Iko namna moja ya Afrika ya Kusini ambayo bado ina miguu minne yenye vidole vitano kila mmoja, ingawa ni midogo mno. Yule wa Rasi ana vidole kimoja au viwili tu. Na namna nyingine haina kabisa miguu ya mbele. Imebakiwa na ile ya nyuma tu, nayo ni kama mwiba. Mtu akiwapanga hao watatu mezani, ataona kama hatua tatu za safari moja, kutoka kuwa na miguu hata kukosa miguu.

3. JINSI YA KUMTENGA NA NYOKA

Alama hizi zafaa zijulikane na kila mtu, hasa na watoto wa shule:

(a) Kope. Mjusi huyu hufumba na kufumbua macho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba lipenyalo nuru kama kioo, kwa hiyo hafumbi macho hata alalapo.

(b) Sikio. Nyuma ya pembe ya kinywa cha mjusi pana tundu la sikio. Nyoka hana tundu hilo.

(c) Ulimi. Ulimi wa mjusi huyu ni mnene na mfupi. Ulimi wa nyoka ni mwembamba, na ncha yake imegawanyika kama panda.

(d) Tumbo. Nyoka wengi wa nchi zetu wana magamba mapana tumboni, safu moja kutoka upande hata upande. Mjusi ana magamba madogo ya safu nyingi.

(e) Mkia. Mkia wa nyoka ni mfupi kuliko mwili wake. Wa mjusi huyu wapita mwili mara nyingi, nao waweza kukatika ukashikwa na adui, kisha ukaota tena.

Hapa sina budi kutoa onyo kali. Alama hizo nyingi huonekana kwa karibu tu, na aghalabu juu ya mnyama aliyekwisha kufa. Mtu asiiname majanini kutafuta sikio la mnyama aliye hai! Katika nyasi zizo hizo hukaa kifutu, naye hasogei mtu amkaribiapo. Na katika nchi za chini kidogo yuko swila atemaye mate ya sumu. Sikuandika ili mwanzishe kuwashika nyoka kwa mikono. Ukimwona mnyama mwembamba majanini nawe una shaka, simama, rudi nyuma hatua tatu nne, umwachie njia. Akiwa mjusi, atakwenda zake. Akiwa nyoka, pia aghalabu atakwenda zake. Kwani watu wengi wameumwa kwa sababu ya kumfuata nyoka aliyekuwa akikimbia. Na mtu akiumwa na nyoka, apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, wala asifungwe kamba ya kukaza.

Wazee walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli; lakini fimbo ya karibu, ikiwa mikononi mwa mtu asiyetazama, huua asiye nyoka.

4. MWENDO WAKE NA CHAKULA CHAKE

Watu huuliza, "Mnyama apotezaje miguu, naye aliihitaji?" Jibu limo katika nyasi. Jaribu kupita katika nyasi ndefu ukiwa umebeba mzigo wa kuni mbavuni: kila kuni hunasa. Hivyo ndivyo miguu inasavyo katika mabua yaliyosongamana. Lakini fimbo moja iliyonyoka hupenya bila kuzuiwa. Mjusi wa nyasi amekuwa kama fimbo hiyo. Hujipindapinda, na mwili wake na mkia wake mrefu husukuma bua hili na bua lile, hata apite kama samaki apitavyo majini. Ndiyo sababu mkia wake ni mrefu hivi: hiyo ndiyo kasia yake.

Sasa mtoe katika nyasi, umweke juu ya udongo mtupu. Hapo hana bua la kusukuma. Hujirusha huku na huku, na mwendo wake ni wa taabu. Ng'ombe atakimbia, sungura atakimbia, lakini yeye pasipo nyasi ni kama mtumbwi uliopandishwa nchi kavu. Msomaji akumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Hutembea mchana, naye hupenda kuota jua akiwa amejilaza juu ya mabua. Chakula chake ni wadudu, na katika hao hupenda sana panzi. Hawafukuzi mbali, wataalamu waliomchunguza yule wa Rasi, wakaandika habari zake katika mwaka 2002, walisema ya kwamba hukaa kimya akingoja wadudu wamjie karibu, kisha huwarukia ghafula. Mijusi wengi wenye umbo la nyoka hupenyapenya huku na huku wakitafuta, huyu hungoja.

Je, ni rafiki wa mkulima? Naam, lakini nisiseme uongo. Mjusi huyu hawezi kuzuia nzige, wala hataokoa shamba la mtama lililoingiliwa na panzi kwa maelfu. Asemaye hivyo awadanganya wakulima. Yeye ni mmoja tu katika jeshi kubwa la wala wadudu: ndege, vyura, buibui, na mijusi wengine. Hakuna mmoja wao atoshaye peke yake, na kila mmoja hupunguza kidogo. Mtu akiwaondoa mmoja mmoja, siku moja ataona panzi wamezidi, wala hatajua ni lini mambo yalianza kuharibika.

5. UZAZI WAKE

Mjusi wa nyasi hatagi mayai. Watoto hukua tumboni mwa mama yao, nao huzaliwa wakiwa wamekamilika, wakaanza kujitafutia chakula wenyewe. Hapa hafanyi jambo geni, kwa maana ndugu zake wa majabali, karibu wote, huzaa vivyo hivyo. Lakini wale wa majabali huzaa watoto wachache, mara nyingi mmoja, wawili, au watatu. Mjusi wa nyasi huzaa wengi kuliko hao. Wengine wamekutwa na watoto zaidi ya kumi.

Kwa nini? Uchunguzi wa yule wa Rasi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha mambo mawili: kwamba huzaa watoto wengi, na kwamba hakufungwa na majira moja ya mwaka kama ndugu zake wengi. Wataalamu hao walilihusisha jambo hilo na moto. Mijusi wa majabali wana ngome. Moto ukipita, wao wamo ndani ya ufa wa jiwe, na moto hauli mawe. Mjusi wa nyasi hana ngome. Nyumba yake yenyewe ndiyo iwakayo. Wakifa wengi kwa siku moja, waliosalia hawana budi kuzaa wengi, tena wasingoje mwezi fulani, ili nchi ijae tena.

Basi dawa yake ya moto ni kuzaa. Lakini dawa hiyo ina sharti moja: lazima wawepo waliosalia.

6. MOTO

Moto katika nyasi za Afrika si jambo la jana. Radi imewasha nyasi tangu zamani sana, na watu nao wamechoma kwa vizazi vingi. Mjusi huyu ameujua moto kabla yetu. Hatuwezi, basi, kusema ya kwamba kila moto ni uharibifu. Neno la kuuliza ni hili: ni moto wa namna gani, na umeacha nini?

Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yangali na unyevu kidogo, hutambaa polepole. Huruka mabonde, huacha mashina ya majani na viraka vingi visivyoungua. Moto wa mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka, ni mkali. Hupanda na upepo, hula kilima kizima, usiache hata kichaka. Katika moto wa kwanza mjusi hupata mahali pa kukimbilia. Katika wa pili hapati. Tena akiokoka moto wenyewe kwa kuingia shimoni, kesho yake atatoka katika nchi nyeusi, tupu, asikoweza kwenda upesi wala kujificha. Na hapo mwewe na korongo wanamngoja, kwani ndege hao hufuata moto kwa ajili ya karamu hiyo.

Nami nina jambo la kuungama. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, nilitaka kuwapa wafugaji wa mahali fulani malisho mapya. Nikawaamuru wachome kilima chote katika majuma ya mwisho ya kiangazi. Tena, ili moto usitoke ukaingia mashambani, tuliuwasha pande zote, ukakutana katikati. Kazi ilikwenda vizuri, nami niliona fahari. Kesho yake nilipanda kilimani. Ndege walikuwa wakitembea juu ya majivu kama watu sokoni, na kila mara mmoja aliinua kitu chembamba kama kamba. Niliokota wengine kwa mkono wangu. Mvua iliponyesha, majani mapya yaliota, lakini kabla ya hayo maji yalikuwa yamechukua udongo mwingi mpaka mtoni. Nilikaa katika nchi ile miaka minne mingine. Katika kilima kile sikumwona mjusi wa nyasi tena.

Hapana mtu aliyenilaumu. Ng'ombe walishiba. Lakini majuto ni mjukuu, nami tangu siku zile sijapata kuwaambia watu wachome kilima kizima.

7. YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza, pata ruhusa ya wenye mamlaka kabla ya kuwasha moto, na uwaarifu majirani.

Pili, gawa malisho yako katika sehemu nne, uchome moja tu kwa mwaka, na nyingine zingoje zamu zao. Hivyo mjusi, na kila kiumbe cha nyasi, atakuwa na mahali pa kukaa, na kutoka hapo watoto wake watarudi katika sehemu iliyoungua majani yatakapokuwa marefu.

Tatu, choma mapema, asubuhi au jioni, upepo ukiwa mdogo. Safisha kwanza njia pana ya kuzuia moto kati ya sehemu na sehemu.

Nne, usiwashe moto wa kuzunguka pande zote. Acha upande mmoja ulio wazi, ili walio hai wapate kutoka.

Tano, usichome kando ya vijito, wala makorongo, wala mistari ya majani iliyoachwa kati ya matuta. Mistari hiyo hushika udongo usichukuliwe na maji, nayo ni njia ya mijusi kupita kutoka malisho haya hata yale.

Mfugaji mmoja atasema, "Ng'ombe wangu wataka majani machanga, nawe waniachia robo tu." Ndugu yangu, hesabu tena. Ile robo iliyochomwa itakupa majani machanga mvua inyeshapo. Ila uwazuie ng'ombe mpaka majani yapate nguvu, wasije wakayang'oa. Robo tatu zilizobaki ndizo akiba yako ya miezi ya njaa. Mtu aliyechoma kilima kizima amekula akiba yake yote kwa siku moja, na mvua ikichelewa, ng'ombe wake watasimama juu ya majivu pamoja na korongo.

Yako pia mambo mengine yapunguzayo nyasi, nayo si moto: mashamba ya viazi yanayopanda vilimani, na misitu ya misonobari iliyopandwa mahali palipokuwa malisho. Hatuwezi kukataa kilimo, maana watu lazima wale, wala hatuwezi kukataa mbao. Lakini kila mahali panapolimwa, kipande cha nyasi cha asili kiachwe kingoni. Gharama yake ni ndogo, na mkulima atakipata tena siku ya kuezeka.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

Mjusi wa nyasi si nyoka. Ana kope, masikio, na vijiguu, wala hana sumu.

Usimpige, wala usimshike. Rudi nyuma, umwachie njia.

Hula panzi na wadudu wengine, wala hali mazao.

Mama mmoja aweza kuwa na watoto kumi tumboni. Pigo moja huua wote.

Pasipo nyasi hawezi kukimbia wala kujificha. Choma sehemu, usichome kilima.

Walimu wa shule na wasome maneno haya mbele ya watoto, kwa sababu watoto ndio wachungao ng'ombe, na fimbo imo mikononi mwao.